Mama Amepata Mtu Wake: Kabla Hujakasirika, Soma Hii

Acha nikuulize swali, ulijibu kimoyomoyo. Mamako ni mjane, mwaka wa saba huu. Amekulipia karo, amekutumia fare ukikwama tao, amekuombea hata siku ambazo hukustahili. Leo jioni anakupigia simu. Anauliza kama umekula, anauliza kazi inaendaje, anazungukazunguka kama matatu inayosaka abiria saa nne asubuhi. Halafu anasema: "Kuna mtu ningependa umjue."

Utamjibu nini?

Nimewauliza marafiki zangu kadhaa hapa Nairobi. Mmoja alisema angekata simu asingizie netiweki. Mwingine akashangaa, "Mathe wangu? Na umri ule?" Umri ule, kumbuka, ni miaka 48. Wa tatu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na ile ploti yetu itakuwaje?"

Huyo wa tatu ndiye alinifanya niandike makala haya, manake angalau alisema kinachowauma wengi.

Sasa tubadilishe hadithi kidogo. Aliyefariki ni mama, aliyebaki ni baba. Mwaka na nusu baadaye mzee anamleta mama fulani nyumbani Krismasi. Utanuna, sawa. Lakini shangazi zako watasema nini? "Afadhali, alikuwa ameanza kukonda." Majirani watasema, "Mwanamume hawezi kukaa peke yake, nani atampikia?" Kabla ya Pasaka, mambo yameshazoeleka.

Mzazi ni mzazi, msiba ni msiba, upweke ni ule ule. Lakini mgane akipata mtu anaambiwa amepata msaada. Mjane akipata mtu anaambiwa amekosa heshima. Jiulize hiyo tofauti umeitoa wapi, kwa sababu hukuzaliwa nayo.

Nani alisema mjane akae hivyo hivyo?

Ukisikia mtu anasema "mila zetu haziruhusu", muulize ni mila zipi hasa. Tangu jadi watu wetu wamekuwa na mipango juu ya maisha ya mjane baada ya matanga. Kwa Wajaluo kulikuwa na tero, mjane akichukuliwa na ndugu au jamaa wa marehemu. Waliotetea desturi hiyo walisema inamlinda mama na watoto. Shida ni kwamba kwa wajane wengi halikuwa ombi, lilikuwa agizo. Leo, Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya mwaka 2015 inataja kumrithi mjane kwa lazima kuwa aina mojawapo ya dhuluma. Na skiza hii: sheria hiyo hiyo inataja pia wakwe kuingilia maisha ya mtu. Kwa hivyo yule jamaa wa ukoo anayempigia mamako saa tano usiku kumfokea, asidhani ni utamaduni tu anaoutetea.

Ukishuka Pwani, au hata hapo Eastleigh, mjane Mwislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue kama ana mimba. Ikiisha, yuko huru kuolewa. Kanisani nako kiapo chenyewe kinasema mwisho wake ni kifo. Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Timotheo sura ya 5, anawashauri wajane wenye umri mdogo waolewe tena.

Kwa hivyo dini haimkatazi, na mila ilikuwa na shughuli naye siku zote. Kinachotusumbua ni kitu kimoja: safari hii amechagua mwenyewe.

Kama wewe ni wa juzi, waulize wazazi wako kuhusu Wambui Otieno. Mumewe, wakili S.M. Otieno, alifariki Desemba 1986, na kesi ya nani atamzika ikashika nchi nzima. Mjane alitaka kumzika mumewe nyumbani kwao kule Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe kwao Siaya. Ukoo ukashinda, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Miaka kumi na sita baadaye, mwaka 2003, mama huyo akiwa na miaka 67 aliolewa na Peter Mbugua, fundi wa mawe mwenye umri wa miaka ya ishirini. Kenya ilicheka, ilishangaa, ilikemea. Nusu ya kelele zile zilikuwa za umri. Lakini sikiliza wazee wakisimulia hadi leo, utasikia hasira nyingine chini yake: kwamba mwanamke amemzika mume, halafu akaendelea kuishi kana kwamba maisha ni yake.

Voi, chapati na mzee wa sukuma

Nikupe mfano ninaoujua, manake ni wa nyumba yetu.

Mzee wetu alituacha 2016. Tulikuwa tunakaa Kayole, mishahara miwili, watoto watatu. Mshahara mmoja ukiondoka, kila kitu kinaanza kuyumba pole pole. Kaka yangu mkubwa alipata kazi ya kulinda godauni usiku huko Mlolongo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokata. Na mama, mwaka 2018, alifunga virago, akamshika mkono dadangu mdogo, akahamia Voi.

Kwa nini Voi? Rafiki yake wa chama alikuwa huko, na alikuwa na kibanda karibu na soko ambacho wangegawana kodi. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo. Voi iko kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Ndipo barabara ya kwenda Taveta na Tanzania inapochomokea, lango la Tsavo Mashariki liko hapo karibu, na treni ya SGR ina kituo. Madereva wa lori, makanga, wafanyakazi wa hoteli, watu wa boda: mji mdogo lakini wenye njaa hawakosekani. Mama akaanza kupika chapati na madondo, anaamka saa kumi usiku. Baada ya miezi michache mji ukampa jina, Mama Chapo.

Sisi vijana tunapenda neno "kuanza upya". Linakaa vizuri chini ya picha ya mtu akiangalia machweo. Kwa mjane, kuanza upya ni kujifunza kubadilisha mtungi wa gesi peke yako. Ni kujaza fomu ya shule na kuandika "marehemu" mahali pa jina la baba, kila muhula. Ni kununua sufuria ndogo kwa sababu ile kubwa inakukumbusha. Ni kulala saa mbili usiku si kwa kuchoka, bali kwa kukosa wa kuongea naye.

Halafu kukawa na huyu mgane wa Wundanyi. Kazi yake ni kuteremsha mboga kutoka milimani, kupitia Mwatate hadi Voi, na pikapu ambayo imeona mengi. Kule juu Taita ni baridi, kabeji na sukuma zinamea vizuri. Huku chini Voi ni jua na vumbi, kwa hivyo soko liko. Kila asubuhi saa kumi na mbili alikuwa anasimama kwa kibanda cha mama anywe chai. Mara ya kwanza alimwachia mafungu mawili ya sukuma. Mama akalipa. Mara ya pili akamwachia nyanya. Mama akalipa tena, kamili, bila kuomba kupunguziwa. Zaidi ya mwaka mzima wakawa tu wateja, huyu wa yule na yule wa huyu.

Siku moja pikapu ikafia Mwatate, mzee akapotea siku tatu. Mama anasema alijipata anaangalia barabara. Akajiambia ni kwa sababu ya sukuma. Siku ya tatu akapiga simu kuuliza lini mboga itakuja, wakaongea dakika arobaini, na mboga ikatajwa mara moja.

Usitafute maua hapa, wala dinner ya mishumaa. Unajua mama aliamua lini? Siku ya kumbukumbu ya kifo cha baba. Yule mzee alikuwa ameikariri tarehe. Alifika na mzigo wa kuni, akasema, "Leo usipike. Nenda kanisani umuombee mwenzako, mimi nitakaa na mtoto." Hakutaka baba yetu asahauliwe. Mama alituambia mtu asiyemwogopa marehemu hawezi kukutesa kwa ajili yake.

Mji mdogo hauna siri, na hiyo inasaidia

Wewe unayeishi kwenye ghorofa ambapo hujui jina la jirani, sahau faragha unayoijua. Voi, ukinywa chai na mtu mara mbili mfululizo, kufikia saa sita mama wa nyanya anajua, kufikia jioni mwenye duka la dawa za mimea anajua. Mama alitembea sokoni wiki mbili nzima akihisi macho mgongoni.

Lakini umbea huo huo ulimletea faili nzima ya mchumba wake bila kulipa hata shilingi. Watu wa boda walimwambia mkewe alifariki kwa saratani, na kwamba alimuuguza mwenyewe. Mama wa nyanya alimwambia watoto wake wawili wamemaliza shule. Mwenye duka la dawa alimwambia jamaa ana deni, lakini analilipa kidogo kidogo bila kukumbushwa. Huku Nairobi unaweza kuchumbiana na mtu miaka miwili ukaja kugundua ana familia Rongai.

Sasa, siri ilivuka Voi siku mama alipoweka picha kwa status ya WhatsApp. Wameketi kwenye benchi, wamepishana kama nusu mita, kila mtu anaangalia upande wake. Picha ya heshima kuliko ya pasipoti. Ndani ya saa moja simu zilianza kutoka ushago, Kakamega. Baba yetu mdogo hakuuliza mama anaendeleaje. Alituma ujumbe mmoja kwa grupu ya familia: akiolewa, shamba linarudi kwa ukoo.

Kaka yangu naye akampigia mama. "Mama, siwezi kumuita mtu mwingine baba."

"Nani amekuomba umuite baba?" mama akamjibu. "Baba yako ni mmoja na nilimzika mimi. Huyu muite Mzee, basi."

Wakakaa miezi miwili bila kuongea. Na mimi ninavyomjua kaka, jina halikuwa shida. Alikuwa amepanga kujenga kwenye lile shamba. Ule ujumbe wa baba mdogo ndio ulimkosesha usingizi.

Shamba ni la nani?

Hapa tafadhali toa kalamu, kwa sababu mapigano mengi yanayoitwa "heshima ya marehemu" ni ya ekari mbili.

Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, ilianza kutumika Julai 1981. Kifungu cha 35 kinasema mtu akifa bila wosia na ameacha mke au mume na watoto, anayebaki anapata vitu vyote vya nyumbani moja kwa moja. Mali iliyobaki, kama shamba, anaitumia maisha yake yote, lakini hawezi kuiuza ovyo ovyo. Mpaka hapo hakuna ubaguzi. Kisha kinaongeza kwamba kama aliyebaki ni mwanamke, haki hiyo ya kutumia mali inaisha akiolewa tena. Mwanamume akioa tena? Haijasemwa kitu. Anaendelea tu.

Kifungu hicho kimepingwa mahakamani, manake Katiba ya 2010 katika ibara ya 27 inakataza ubaguzi wa kijinsia, na ibara ya 45 inatoa haki sawa kwa wanandoa. Kwa hivyo usikubali mtu akusomee kile kifungu kana kwamba ndio mwisho wa maneno.

Lakini hata tukikichukua vile kilivyoandikwa, angalia kitu ambacho baba wadogo wengi hawakitaji. Haki ya mjane ikiisha, mali inaenda wapi? Haiendi kwa ukoo. Inaenda kwa watoto wa marehemu, kwa usawa, wa kike na wa kiume. Ndugu wa marehemu hawako kwenye foleni hiyo wakati mke na watoto wapo. Nilipomsomea kaka yangu sentensi hiyo kwa simu, alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Soma tena."

Kuna tofauti uzijue. Kwa Waislamu, mirathi hufuata sheria ya Kiislamu: mjane mwenye watoto hupata thumuni, na fungu hilo ni lake hata akiolewa kesho. Na kama title ya shamba bado iko kwa jina la babu, kama ilivyo kwa familia nyingi, mnaanzia na mirathi ya babu kwanza. Hiyo ni safari ndefu, ianze mapema.

Tulivyofanya

Mama alisema jambo moja: haendi kwa msajili wa ndoa kabla mambo ya baba hayajanyooshwa. "Sitaki mtu aseme nimeolewa na shamba la marehemu."

Njia yenyewe iko hivi. Unahitaji cheti cha kifo. Unaenda kwa chifu wa eneo lenye mali, anaandika barua inayotaja warithi wote. Hapo kuwa macho, kwa sababu ndipo majina hupotea, hasa ya wasichana. Fomu zinapelekwa mahakamani, tangazo linachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Mkipewa hati ya usimamizi, kwa kawaida mnangoja miezi sita kabla ya kuithibitisha na kugawa. Mtu akianza kukata miti, kukodisha au kuuza mali ya marehemu kabla ya hapo bila idhini, amevunja kifungu cha 45, na ni kosa la jinai. Baba mdogo alikuwa ameshapanda miwa yake humo.

Kuna kipengele kimoja ambacho nadhani kilituokoa kama familia. Mali ikiwa na mtoto mdogo ndani yake, msimamizi hawezi kuwa mtu mmoja peke yake. Dadangu bado hajafika miaka 18. Kwa hivyo mama alihitaji mwenzake, na mwenzake akawa kaka yangu, yule yule ambaye hawakuwa wanaongea.

Walienda Kakamega mara tatu. Usiku kucha kwenye basi, viti viwili, chupa moja ya chai. Sijui waliongea nini na sikuuliza. Najua safari ya kwanza kaka alirudi akimuita yule mzee "huyo jamaa", na safari ya tatu alikuwa anasema "Mzee wa Sukuma". Kwetu hayo ni maendeleo.

Mwishowe watoto watatu waliandikiwa mafungu yao sawa, la dadangu likishikiliwa mpaka atimize umri. Mama hakutaka lake. Huo ni uamuzi wake, na si lazima uwe wa mamako. Kuna wajane ambao shamba hilo ndilo chakula chao, na mtu asiwatishe waliache. Baba mdogo alikubaliwa avune miwa iliyokuwa tayari, basi. Hatusalimiani sana naye siku hizi.

Kisha mama akapeleka notisi kwa msajili. Kwa ndoa ya kiserikali, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka notisi ya siku 21 au zaidi, na siku yenyewe mnakuja na mashahidi wawili. Kaka alikuwa mmoja. Hakukumbatia mtu, hakulia, hakutoa hotuba. Alisaini, akala, akamuuliza mzee ile pikapu inakunywa mafuta kiasi gani, akapanda basi la jioni.

Picha ya baba bado iko ukutani huko Voi. Walipohamia nyumba mpya, mzee ndiye aliyepigilia msumari.

Si kila mchumba ni malaika

Usinisome vibaya. Sijasema umpigie makofi kila mwanamume anayebisha hodi kwa mjane. Kuna wanaofuata pensheni. Kuna wanaofuata nyumba. Kuna waliooa tayari na wamesahau kusema. Mtoto anayempenda mamake anauliza maswali, tofauti ni kwamba anauliza kama mlinzi wake, si kama mwenye mali.

Muulize kama jamaa yuko huru kweli, na nani mwingine anajua hivyo. Muulize kama wameenda kupimwa pamoja; ni dakika chache tu kwenye kituo cha afya, na kwa umri wao hakuna haya. Tazama anavyozungumza kuhusu pesa. Anayetaka kuona title kabla hajaona ndugu, anayemwomba mama awe mdhamini wa mkopo wa Sacco wiki ya tatu, anayesema "usiwaambie watoto", huyo muwekee alama nyekundu. Tazama pia kama mama anaendelea kwenda chama na kanisa lake, au ameanza kuomba ruhusa. Na kama kuna mdogo wako bado yuko nyumbani, mpigie yeye peke yake umuulize anajisikiaje mtu huyo akiwa ndani. Usimuulize mbele ya watu.

Kama mambo ya mirathi yanakutisha, mashirika kama FIDA Kenya na Kituo cha Sheria yamekuwa yakisaidia watu wasio na pesa za wakili kwa miaka mingi. Barua ya wakili mmoja humaliza kiburi cha mikutano kumi ya ukoo.

Na wewe?

Najua kuna kitu hakuna sheria itakachokiponya. Ukimuona mama akicheka na mtu mwingine, kuna sehemu ndani yako inahisi baba amekufa mara ya pili. Hiyo ni halali yako. Huzuni haitembei mwendo mmoja katika nyumba. Yeye alilala upande mmoja wa kitanda miaka saba akijua upande wa pili hauna mtu. Wewe ulikuwa Nairobi, na kwa kichwa chako nyumbani kulibaki vile ulivyokuacha. Kwa hivyo unapomwambia "ni mapema sana", kumbuka saa yako na saa yake hazikuanza pamoja.

Mwambie kama inakuuma, ataelewa. Omba muda, atakupa. Kataa kumuita mtu baba, una haki. Ila usimwambie achague kati yako na yeye. Mzazi akiulizwa swali hilo atakuchagua wewe, kila mara, hata kama kukuchagua kunamaanisha kurudi kulala saa mbili usiku kwa kukosa wa kuongea naye. Halafu wewe utaendelea na maisha yako hapa tao, utaoa au utaolewa, utampigia Jumapili dakika sita.

Leo ni siku gani? Mpigie. Mwache azunguke mpaka afike. Akisema kuna mtu, anza na swali rahisi tu: "Anaitwa nani, mama?"